Viwavi wa Ilungwa Warudi kwa Basi

Jumanne ya kwanza ya Novemba, mwaka 1956, saa tatu asubuhi, Alinanuswe aliziba mfereji wa kwanza wa bonde la Ilungwa kwa mabonge ishirini na matatu ya udongo wenye majani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kwa sababu lile lingine alikuwa ameliloweka. Aliyapanga mabonge yale, majani juu, akayashindilia kwa kisigino, kisha akakaa ukingoni kungoja. Maji yalifika kwenye kizuizi yakasimama. Yalisimama siku mbili yakifikiri. Siku ya tatu yakaanza kutambaa pembeni, taratibu, kama mgeni anayetafuta pa kukaa bila kumsumbua mwenye nyumba.

Ilungwa iko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mwanjelwa, ukipanda kuelekea milimani. Hadi mwaka 1949 lilikuwa bonde la majimaji, nyasi kiunoni, ndago kila mahali, na maua mekundu yaliyosimama wima kama mienge. Vipepeo wa manjano walikuwa wengi kiasi kwamba mtu akipiga chafya walihama upande mmoja wa bonde kwenda wa pili. Kaya arobaini na mbili zilijenga kwenye miinuko ya pembeni. Kila mwaka mara moja watu walishuka kukata nyasi za kujazia magodoro, wakabakiza nusu ya bonde bila kukatwa, zamu kwa zamu. Hakuna aliyejua ni kwa nini nusu. Walikuta wazee wao wakifanya hivyo.

Kisha Ofisi ya Mabonde iliona kwamba bonde lile limekaa bure. Karatasi ikaandikwa kuwa wenyeji wamekubali kuhama kwa hiari, na kila mwenye kaya ametia dole gumba. Watu walihamishwa kwa malori, wengine hadi Iringa. Akaja setla mmoja mwenye masharubu ya rangi ya mahindi, akachimba mifereji tisa, akakausha bonde, akapanda ngano. Ngano ilitoka miaka mitatu. Mwaka wa nne udongo ukawa kama majivu ya magunzi, naye akafunga mizigo akaenda Rodesia. Kilichobaki ni kibao cha Ofisi: MARUFUKU KULIMA, KUJENGA, KUCHUNGA, KUKATA MITI.

Alinanuswe alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Mumewe alizikwa Ilungwa, penye mianzi. Yeye alikuwa akiishi chumba cha uani Mwanjelwa, kwa Bi Rukia, mama wa Kiislamu aliyekuwa akichoma vitumbua na ambaye babu yake alitoka Kilwa na msafara, akachoka Mbeya. Kitu alichokitaka Alinanuswe kilikuwa kimoja tu: kurudi Ilungwa akaishi, na siku yake ikifika asibebwe mbali. Alikisoma kile kibao mara tatu, akaona hakikukataza kuziba mfereji.

"Sasa mwenzangu," Rukia alimuuliza siku ile aliporudi na matope hadi magotini, "unaziba ili iweje?"

"Walilichukua wakasema liwe shamba. Lisipokuwa shamba, watakuwa wameshika nini?"

Rukia aligeuza vitumbua vyote saba kabla ya kujibu. "Watakuwa wameshika karatasi."

"Karatasi nayo huloa."

"Haya. Ila hilo gauni huliingizi chumbani kwangu hivyo. Nenda kisimani kwanza, we mama wa matope."

Wiki ya pili walikuja wanawake kumi na mmoja, wale wa Ilungwa waliokuwa wametawanyika hapo hapo Mbeya. Alikuja pia Saulo, mzee wa milima ya jirani, aliyewahi kuwa tarishi wa Ofisi ya Mabonde miaka kumi na minane kabla ya kustaafu. Saulo alikuwa mtu wa utani na mkono mwepesi, na hakupenda kuona watu wakihangaika. Alileta jembe lake na chupa ya chai.

Walifanya kazi kwa bidii, wakaziba mifereji mitano kwa siku moja na kuutandaza udongo uliobaki. Kufika adhuhuri walisimama kunyoosha migongo, wakaangalia walichofanya, wakakuta wamepiga matuta. Bonde zima lilikuwa limejipanga mistari. Miaka sita ya sheria ya Bwana Shamba, ambayo asiyepiga matuta alilala mahabusu, ilikuwa imewaingia mikononi. Maji nayo yalipoona njia baina ya matuta yalijipanga foleni, yakatoka bondeni kwa adabu.

Saulo alicheka hadi akakaa chini. "Mama zangu! Ninyi hata mkizikwa, mtajigeuza humo ndani mkae kwa matuta."

"Cheka tu," alisema Tusajigwe, aliyekuwa mkubwa wao. "Mimi jana nimeupiga matuta ugali kwenye sahani. Mjukuu wangu kaniuliza mbegu iko wapi."

Ilichukua siku nne kusawazisha. Tusajigwe ilibidi apewe kazi ya kubeba tu, kwa maana alisawazisha asubuhi na mikono yake ikarudisha matuta jioni. Siku ya tano bonde likalala bapa, na maji yakakaa.

Lakini hayakuotesha kitu ila magugu ya ngano. Mbegu za zamani zilikuwa zimekwisha kuoza au kuliwa. Alinanuswe aliliwaza jambo hilo siku nzima ya Jumapili, ibada ikiendelea, na katikati ya sala ya mwisho akakumbuka analalia nini.

Godoro lake lilikuwa lile lile la mwaka 1949. Wote wa Ilungwa walikuwa na magodoro yale yale, kwa sababu hakuna aliyepata nyasi nyingine za kumfaa mgongo. Wakayapasua. Wakazibeba nyasi zile kavu za miaka saba, wakazitandaza juu ya tope kama mtu anayetandika kitanda, na wao wakalala juu ya kamba tupu. Alinanuswe akamwandikia barua kaka yake, Gideoni, fundi cherehani wa Mlandege, Iringa, kumwomba naye alete godoro, na awaambie wengine walioko kule.

Hapo ndipo ilipobidi suala la viwavi liangaliwe. Watu walipohamishwa, kila godoro lilikwenda na yai moja la kipepeo, na kila yai likatoa kiwavi mmoja, mwenye mistari ya kijani na nyeusi. Kiwavi wa kawaida hula wiki chache akajifunga. Hawa hawakujifunga. Walifika unene wa kidole, wakatulia, wakaishi ukutani mwa watu miaka saba wakila jani moja la boga kwa siku, na hawakukubali jani lolote ila wameshikiwa mkononi. Mwenye kaya ndiye aliyewalisha, kwa dole gumba na cha shahada, asubuhi kabla ya chai. Ilikuwa kazi ndogo, na watu waliizoea kama mtu anavyozoea kutia saa ufunguo.

Wa Alinanuswe aliishi juu ya pazia la Rukia.

"Huyu mpangaji wako wa pili," Rukia alikuwa akisema, "afadhali wewe. Wewe angalau hunikodolei macho nikivaa."

"Hana macho ya kukodoa."

"Anayo. Mie nayajua macho."

Jibu la Gideoni lilifika baada ya siku tisa. Aliandika hivi: *Dada mpendwa, salamu nyingi. Godoro linakuja na basi la Alhamisi. Kiwavi wangu ameteremka ukutani tangu jana, amekaa mlangoni, hali. Nimepita kwa Ambrosi na kwa wale wa Kalenga, nao wa kwao wako mlangoni. Naona wamesikia. Nitawapandisha wote basi hilo hilo. Wapokee.*

Basi lilifika jioni ya Ijumaa, jekundu kwa vumbi la Makambako. Juu ya keria kulikuwa na magodoro kumi na tisa, na juu ya magodoro viwavi kumi na tisa, wamejishikilia kwa miguu ya nyuma. Utingo alieleza kwamba pale Iringa palikuwa na ubishi kidogo, kwa kuwa kiwavi si abiria wala si mzigo, lakini dereva alisema kitu kisichokuwa kwenye orodha hakimhusu. Njiani hawakuleta shida. Mmoja alitapika karibu na Igawa.

Walishuka wenyewe kwa ngazi ya nyuma ya basi. Wale wa Mbeya, ishirini na watatu, walikuwa wamekwisha kujikusanya stendi. Wote wakashika njia ya Ilungwa kwa mstari mmoja, pembeni, upande wa kushoto kama sheria ya barabara inavyotaka. Watu wa sokoni waliwapisha. Mwendo wa saa mbili wa binadamu, wao waliutumia siku nne. Alinanuswe alitembea nao, akilala kwa jamaa njiani, na asubuhi akiwakuta mbele kidogo.

Walipofika, nyasi zilikuwa zimeota kufika gotini. Kila kiwavi alichagua ubua wake, akajifunga.

Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule. Mifereji yote tisa ilizibwa, ingawa wa nane ulivuja. Ndago zilirudi, vyura walirudi, na katikati ya Februari, siku moja, kati ya saa nne na saa sita, vipepeo arobaini na wawili walitoka, wakakaa juani kukausha mabawa. Walikuwa wa manjano yale yale ya zamani, ila kila mmoja alikuwa na alama nyeusi kwenye bawa la mbele, duara la mistari myembamba iliyozungukana. Wanawake waliwatazama, wakasema wamependeza, wakaendelea na mfereji wa nane.

Wiki iliyofuata alikuja Yunusu, karani wa Ofisi ya Mabonde. Alikuwa kijana nadhifu wa mjini, mwenye kofia ya viua na jalada chini ya kwapa. Alivua viatu ukingoni, akavipanga vikaangalia barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile?" alimjulia hali kwa lugha ya kwao.

"Ndaga. Ofisi imeletewa taarifa kwamba hapa kuna maji."

"Yapo."

"Nani kayaleta?"

"Yalikuwa hapa hapa. Sisi tumeyazuia tu yasiondoke."

Yunusu aliandika. "Na mmelima?"

"Angalia mwenyewe. Unaona tuta?"

"Sioni."

"Kulima bila matuta ni kosa, na sisi unatuona watu wazima wenye heshima. Basi hatukulima."

Yunusu aliigeuza hoja hiyo huku na huku, akaona haina tundu, akaiandika kama ilivyo. Alipofungua jalada kutafuta ramani, kipepeo mmoja alishuka akatua juu ya ile karatasi ya mwaka 1949, kwenye safu ya madole gumba. Akafunua mabawa. Yunusu alikuwa ameshika vidole vya watu kwenye kibweta cha wino kwa miaka mitano, na hakuhitaji kuambiwa.

"Hili ni dole la mtu," alisema.

"La nani?"

Yunusu akatoa lenzi yake, na kile kibweta, na karatasi safi. Kazi iliwachukua hadi alasiri. Wanawake waliokuwepo walitia madole yao kwenye karatasi safi mmoja mmoja, na vipepeo wakaja wakakaa kando ya kila dole, kila mmoja kwa lake, wakingoja walinganishwe. Dole la Tusajigwe lilikuwa na kipepeo wake. La Alinanuswe lilikuwa na wake, aliyekuwa mnene kidogo kwa sababu ya maisha mazuri ya pazia la Rukia. Mistari ililingana yote, hadi mikunjo midogo ya uzee.

Kisha Yunusu akageukia karatasi ya mwaka 1949. Alipitisha lenzi juu hadi chini, akarudi juu. Majina yalikuwa arobaini na mawili. Madole yalikuwa arobaini na mawili. Kila dole lilikuwa na mkato mmoja mweupe, mshazari, kutoka kulia kwenda kushoto.

"Karatasi hii ina dole moja," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo cha mvua. "Limerudiwa."

Saulo, aliyekuwa amekaa pembeni anamimina chai, aliinua dole gumba lake la kulia akalitazama. Lilikuwa na kovu la mundu, mshazari.

"Ni langu," alisema.

 Chura mmoja alianza, akaacha.

"Walinituma nizunguke kaya zote," Saulo aliendelea. "Siku ile ilikuwa mvua kubwa, mnakumbuka mvua ya mwaka ule. Nyumba moja hapa, nyingine kule juu. Nikakaa kwenye kibanda cha mianzi, nikaona nisiwasumbue watu kwenye moto wao. Nikawatilia mimi."

"Saulo," alisema Alinanuswe, "mimi najua kuandika jina langu."

"Najua, dada. Ndiyo maana la kwako nililibonyeza kwa uangalifu zaidi."

"Ungetufikia, tungekataa."

"Mngekataa, ndiyo. Na mimi ningekuwa nimelowa bure."

Alinanuswe alimtazama. Alikuwa amekunywa chai ya mtu huyu miezi mitatu. Alikuwa amemwona akiingia kwenye mfereji wa sita hadi kifuani, uzee ule, ili Tusajigwe asiingie. Alitafuta neno la kumwambia, na maneno yaliyokuja yalikuwa mengi mno kwa saa ile ya alasiri.

"Wa nane unavuja," alimwambia.

Saulo akachukua jembe akaenda.

Alinanuswe akamgeukia karani. "Mwanangu, nisikilize vizuri. Hatukukubali. Sasa umeona mwenyewe, kwa lenzi ya serikali. Narudi kwangu lini?"

"Nitaandika, mama," alisema Yunusu, na kusema kweli aliandika. Aliandika kurasa kumi na moja kwa mwandiko mzuri, akaambatisha ile karatasi safi, na vipepeo wawili walijitolea kwenda naye hadi mjini kuthibitisha. Walikaa kwenye dirisha la ofisi wiki mbili, wakahojiwa, wakarudi.

Jibu lilitoka mwezi wa Mei. Yunusu alilileta mwenyewe, akaja nalo hadi uani kwa Rukia, akapewa kigoda na kitumbua. Alisoma polepole.

Ofisi ilikuwa imechunguza kwa makini, na imeridhika kwamba vipepeo wanasema kweli. Hata hivyo, fomu ya kuhama ilidai dole gumba mbele ya kila jina, na mbele ya kila jina dole gumba lilikuwepo. Fomu haikutaja dole liwe la nani. Kwa hiyo fomu ilikuwa kamili, na uhamisho wa mwaka 1949 ulikuwa halali. Pamoja na hayo, Ofisi ilifurahishwa na hali ya bonde. Kuanzia sasa Ilungwa halitakuwa tena shamba lililoachwa. Litakuwa bonde la vipepeo, nao watalikalia daima bila kubughudhiwa. Nyasi zikatwe nusu kila mwaka kwa manufaa yao. Wageni wataruhusiwa kuingia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, baada ya kuandikishwa langoni. Wanawake waliohusika wanashukuriwa.

Kitumbua cha Yunusu kilikuwa kimepoa mkononi.

"Vipepeo wametajwa mara ngapi?" Alinanuswe aliuliza.

Akahesabu. "Mara sita."

"Na sisi?"

"Mara mbili, mama. Pale kwenye shukrani. Na kwenye wageni."

Alinanuswe alichambua mchele uliokuwa kwenye ungo wake. Alitoa mawe mawili, akayatupa.

"Saa mbili mpaka saa kumi na moja," alisema mwisho. "Mume wangu hakuwa mtu wa kulala mchana. Tutaongea."

"Mie nitakuja na vitumbua," alisema Rukia. "Sijapata kuona huko kwenu mnakokusifia miaka yote hii."

Lango lilijengwa mwezi wa Juni, na Ofisi ikamteua Saulo kuwa bawabu, kwa kuwa alilijua bonde na alikuwa na rekodi nzuri ya kujaza karatasi. Akapewa meza, daftari na koti lenye vifungo vya shaba. Siku ya kwanza watu walikuwa wamepanga foleni kabla ya saa mbili. Gideoni alikuwa amesafiri kutoka Mlandege na suti aliyoishona mwenyewe kwa siku hiyo, na godoro tupu begani, maana nyasi za ile nusu ya kukatwa mgeni aliruhusiwa kuzichukua.

"Mgeni kutoka wapi?" Saulo aliuliza, kalamu tayari.

"Hapa," alisema Alinanuswe.

"Dada yangu, safu hii haina hapa."

"Kwani safu imezaliwa wapi?"

Saulo alimtazama kwa huruma ya kweli, akaandika *Mwanjelwa*. Nyuma yake Rukia, mjukuu wa Kilwa, naye akaandikwa *Mwanjelwa*. "Leo tumekuwa kabila moja," Rukia alimnong'oneza, na Alinanuswe akacheka, akapita.

Ilikuwa siku njema. Walikata nyasi upande wa mashariki, wakaacha wa magharibi. Gideoni alivua suti akaitundika juu ya mwanzi, akaingia majini na chupi ndefu, mzee mzima, akilia na kucheka bila kubagua. Kipepeo wake alimjia akatua begani, na hakuondoka hadi jioni. Tusajigwe alilala usingizi juu ya lundo la nyasi, na mikono yake ilitulia tuli. Rukia alionja ua moja jekundu akasema lina asali kwa ndani, kisha akataka kujua kwa nini hakuambiwa mapema. Alinanuswe alikaa penye mianzi, akamweleza mumewe mambo yote ya miaka minane kwa mpangilio. Mume akamwambia kwamba mengine aliyasikia, na kwamba ngano ile ilikuwa inampigia kelele sana usiku.

Saa kumi na moja kamili Saulo aligonga rimu ya lori iliyotundikwa langoni. Watu wakabeba magodoro yao yaliyojaa, wakakung'uta nguo, wakatoka kwa mstari, na Saulo akasimama na daftari akiwahesabu ili asibaki hata mmoja. Vipepeo hakuwahesabu, kwa kuwa wao ni wakazi.